Kiungulia cha Bwana Yaseen

Mwanatumu aliweka sinia la wali katikati ya mkeka, akafunua kawa, akavuta harufu kwa pua kama anayenusa udi wa arusi.

"Haya, nazi za baba hizo," akasema. "Tui limekuja zito lenyewe, wala sikulitia maji. Baba alipanda minazi, si mchezo. Mungu amrehemu."

Mumewe, Bwana Yaseen, alitia tonge kinywani, akatafuna, akameza. Tonge lilipofika katikati ya kifua likawaka moto.

Hakupiga kelele. Yaseen alikuwa mtu wa heshima zake pale Shella, Malindi, mwenye duka la misumari, rangi na kamba, na watu wa heshima hawapigi kelele kwa sababu ya wali. Alijishika kifua, akakunja uso, akasema "Alhamdulillahi," na mkewe akadhani anashukuru chakula.

"Umeshiba mara hii?"

"Nimeshiba."

"Kwa tonge hilo moja? Babake Wafa, una nini wewe?"

"Kiungulia tu."

"Kiungulia gani hicho kisichokosa siku? Nguo zote zakupwaya, watu wasema nakunyima chakula."

Nitawaambia mapema alichokuwa nacho, maana sina subira ya kuwazungusha. Shamba la minazi la Magarini, ambalo Mwanatumu alilirithi kwa babake, halikuwa lake tena. Yaseen alikuwa ameliuza. Mwanatumu mwenyewe ndiye aliyemtilia sahihi karatasi za kumwachia mambo yote ya shamba, kwa kuwa mke mwema wa kwetu hashindi akikaa foleni katika ofisi za ardhi. Anayekwenda ni mume mwema. Basi yule mume mwema akaenda. Pesa zikanunua lori la kubeba maziwa Mariakani, na lori likafa kabla halijaizoea barabara. Yaseen akarudi nyumbani mikono mitupu, na kabla hajavua viatu mkewe akamwuliza, "Nazi zangu za mwezi huu ziko wapi?"

Pale pale mlangoni ndipo angesema. Angetukanwa, angelala barazani siku mbili tatu, na yangekwisha. Badala yake alisema, "Zinakuja kesho." Na kesho yake zikaja kweli, kutoka sokoni.

* * *

Uwongo ule ulikuwa na kazi kuliko shamba lenyewe. Shamba lilitaka kupaliliwa na kuangushiwa nazi, basi. Uwongo ulitaka nazi zenye makumbi yake, tena nyingine ziwe na vikonyo bado, zionekane zimetoka mtini. Ulitaka gunia kuukuu. Ulitaka Yaseen aage asubuhi, apotee mpaka alasiri, kwa kuwa mtu hawezi kwenda Magarini na kurudi kabla chai haijapoa. Masaa yote hayo aliyamaliza kwenye mkahawa upande wa pili wa mji, akinywa kahawa chungu asiyoitaka na kuugeuzia mgongo mlango.

Muuzaji wake alikuwa Kahindi, Mgiriama mmoja mwenye meza yake sokoni, mtu wa maneno mengi.

"Nikufulie hizi, Bwana Yaseen?"

"Usifue. Nazitaka hivyo hivyo na makumbi."

"Haya. Wateja wote wataka zilizofuliwa, wewe peke yako wataka kubeba mzigo. Makumbi wayafanyia nini?"

"Tunawashia moto."

"Moto! Na Mama Wafa aninambia kwao wapikia gesi?"

Yaseen aliliachia gunia. "Mama Wafa amekuja hapa?"

"Alipita juzi kununua ndimu. Akaziangalia nazi zangu, akacheka. Aninambia, 'Maskini, vinazi vyako vidogo, ungeziona za shamba letu.'" Kahindi alicheka mpaka akajifuta macho. "Mimi nikanyamaza. Mteja ni mteja. Lakini bwana, siku moja utaniambia."

Kifua cha Yaseen kikawaka. Hakuwa ametia kitu tumboni tangu asubuhi ila chai ya rangi, kwa hivyo safari hii hakuwa na wali wa kuusingizia. Alilipa, akabeba gunia lake mwenyewe, na njiani akasimama mara mbili kuegemea ukuta.

* * *

Ilipofika hali ya kushindwa kumeza hata uji wa mchele, nduguye mkubwa, Stambuli, alishika usukani. Stambuli alikuwa mzee mstaafu wa bandarini aliyejua kila kitu, na asichokijua alikisema kwa sauti kubwa zaidi. Alimchukua mgonjwa na Mwanatumu mpaka Kilifi, kwenye hospitali ya kulipia, kwa daktari mmoja kijana aliyeitwa Gerishom. Yaseen akatiwa mpira wenye kamera kooni huku machozi yakimtoka, kisha wote watatu wakaitwa ofisini.

"Umio wako ni mzima, mzee," daktari akasema, akawaonyesha picha kwenye kompyuta. "Hii ndiyo njia ya chakula yenyewe. Haina kidonda, haina uvimbe. Nimechukua vipande vidogo vya nyama kupeleka maabara, ndivyo tunavyomfanyia kila mtu wa umri huu akipata shida ya kumeza. Sitarajii kuona kitu."

"Sasa kinachomchoma ni nini?" Stambuli akauliza, kama aliyeuziwa mali mbovu.

"Hofu," akasema daktari. "Mtu akiishi na hofu au wasiwasi muda mrefu, mwili wake unatoa homoni, zile za kumtayarisha akimbie au apigane. Zikitoka leo, zikitoka kesho, zikikaa mwilini hivyo hivyo, mishipa ya fahamu ya kwenye umio inakuwa mikali. Asidi kidogo ikipanda, ambayo mimi na wewe hatungeisikia, yeye anaisikia moto. Hata tonge likipita tu. Ni kama mlinzi aliyetishwa: paka akipita anapiga filimbi. Mwizi hakuna, lakini usingizi pia hakuna. Kwa hivyo msiseme anajifanya. Maumivu ni ya kweli kabisa."

Yaseen alimtazama yule kijana kwa mara ya kwanza. Ilikuwa vigumu kuamini kwamba elimu imefika mbali hivi, kamera iingie kwa mdomo ikaone shamba la Magarini.

"Chakula gani kinamzidishia?" daktari akauliza.

"Nazi," Mwanatumu akajibu upesi. "Daktari, wallahi ni nazi. Nikimtajia tu kwamba wali huu ni wa nazi za shamba letu, basi, kashika kifua."

"Ukitaja, au akila?"

Mwanatumu alifikiri. "Nikitaja."

Daktari akaandika kitu. Kisha akamgeukia Yaseen. "Mzee, kuna jambo lolote linalokutia hofu? La biashara, la nyumbani?"

Yaseen alifungua kinywa, na aliyejibu akawa Stambuli. "Ndugu yangu hana hofu na mtu. Kwetu hakuna waoga."

"Wala hana siri, daktari," Mwanatumu akaongeza. "Huyu ni mtu mweupe. Mimi nalala nikijua kila kilichomo kifuani mwake."

"Ningependa nizungumze naye peke yake kidogo."

"Peke yake kwa nini?" Stambuli aliuliza. "Sisi ndio watu wake."

Basi watu wake wakabaki, na mgonjwa akasema hana neno. Daktari akamwandikia dawa za kupoza ile mishipa, akamwambia apumzike mahali patulivu, mbali na pilikapilika za duka, kisha arudi.

Walipotoka, Stambuli alijifanya amesahau miwani, akarudi ndani na kufunga mlango. "Haya, daktari, mgonjwa hayupo. Tuambie kweli."

"Nimewaambia kweli."

"Ile umemwambia yeye. Nataka ile ya kutuambia sisi."

"Ni hiyo hiyo, mzee."

Stambuli aliinamisha kichwa. Alirudi garini kimya, na Stambuli kunyamaza ni habari mbaya tayari. Walipofika Malindi alimvuta Mwanatumu pembeni ya ukumbi. "Ameficha," akasema. "Amekata nyama, kisha asema hakuna kitu. Shemeji, wewe ni mtu mzima. Watamkata nyama mtu asiye na kitu?"

Na hapo ndipo kosa lilipofanyika, tena la watu wenye mapenzi. Kwetu mgonjwa haambiwi. Daktari akiona baya huwaambia jamaa, na jamaa humwambia mgonjwa kwamba ni mafua. Sasa huyu daktari kijana amesema mbele ya mgonjwa na mbele ya jamaa kwamba hakuna kitu. Wakaelewana wote kwa macho: hali imekuwa mbaya kiasi kwamba hata jamaa hawawezi kuambiwa.

* * *

Habari ilitembea Shella yote, na jina la ugonjwa halikutamkwa hata mara moja. Ulikuwa "ule", basi. Ana ule. Wamemwona ule. Watu wakaja kumtazama mgonjwa makundi kwa makundi, na Mwanatumu akawa hatoki jikoni, sharubati inaingia, birika linatoka. Mabibi walikaa ukumbini wakishusha sauti, na sauti ya kushushwa ya mabibi wa Shella hufika mpaka mtaa wa pili.

"Mjomba wangu naye, Mungu amrehemu, aliambiwa hana kitu."

"Na akaishi?"

"Hakumaliza mwezi."

"Lahaula."

Chumbani Yaseen aliyasikia yote akitazama dari. Alikuwa amerudi kutoka Kilifi akimwamini daktari. Nani amwamini kuliko yeye, ambaye hofu yenyewe anaijua kwa jina na mipaka yake? Lakini kila aliyeingia alimshika mkono akaukawiza, akamwangalia kama picha inayotaka kuondolewa ukutani. Mtu aliyekopa rangi dukani kwake tangu zamani, akawa kila siku hana, aliingia akalipa. Hilo lilimtisha kuliko kamera. Na siku ile waliyokaa pembeni ya kitanda wakaanza kumsomea Yasini, sura wanayosomewa wanaokata roho, Yaseen akakubali kwamba anakufa. Watu wote hawa wazima hawawezi kukosea pamoja.

Mwanatumu naye alikuwa na lake. Alikuwa ameshika neno moja tu la daktari, mahali patulivu, na moyo wake ulikuwa umekwisha kupachagua mahali penyewe.

"Jumamosi twende Magarini," akamwambia mumewe, amekaa miguuni pake akimkanda nyayo kwa mafuta. "Tukae kwenye shamba la baba. Hakuna makelele ya duka, hakuna wageni. Kibanda kile kipo, nitafagia, nitakupikia mwenyewe. Utakunywa madafu yakiangushwa."

"Njia mbaya," Yaseen akasema.

"Si waipita kila mwezi?"

"Mbu."

"Nimenunua chandarua."

"Yule mlinzi wa shamba amekwenda kwao, hakuna wa kutufungulia."

"Ufunguo wa baba ninao mimi. Na Kaka Stambuli amekwisha kupata gari."

Kule Magarini, mahali pa kibanda, palikuwa na ukuta wa mawe na geti la chuma, na ndani ya geti mbwa wawili wakubwa. Yaseen aliwasikia wakibweka akiwa kitandani kwake. Alijikunja, akashika kifua, na Mwanatumu akainuka mbio kumletea maji, akimwambia, "Pole, mume wangu, pole, bado kidogo tu, Jumamosi haiko mbali."

Wafa, binti yao aliyekuwa akiuza katika duka la dawa mjini, alimfuata mamake jikoni. "Mama, daktari kasema ni hofu. Mbona hatumwulizi baba anaogopa nini?"

"Anaogopa kufa, mwanangu. Nani asiyeogopa?"

"Lakini alianza kuchomwa kabla hajaambiwa ni mgonjwa."

"Wafa, usinichanganye. Nikatie vitunguu." Mwanatumu alikuwa akilia, na si kwa vitunguu. Alimpenda yule mwanamume, tangu ujana wake alimpenda, na hakuona haya kulisema hilo mbele ya sufuria na mwanawe.

* * *

Ijumaa baada ya sala, Yaseen alisema anataka kutakana radhi na watu.

Hilo halikumshangaza mtu. Mgonjwa akihisi safari inakaribia huwaita watu wake, awaombe radhi nao wamwombe, asiondoke na haki ya mtu shingoni. Dhambi za Mungu, Mungu husamehe, lakini haki ya mja humngoja mja mwenyewe. Imamu wa msikiti akaja, majirani wakaja, chumba kikajaa mpaka mlangoni. Wanawake wakasimama upande wa pili wa pazia. Ilikwenda vizuri. Stambuli aliombwa radhi kwa baiskeli iliyovunjwa utotoni, akalia kwa sauti. Jirani mmoja aliomba radhi kwa kusengenya, akasamehewa bila kuulizwa alisema nini.

"Mamake Wafa," Yaseen akaita.

Mwanatumu akasogea, akapiga magoti kitandani. "Mimi huna kosa nami, mume wangu. Nimekusamehe kabla hujasema."

"Nina kosa nawe. La shamba."

"Kama ni kuchelewa kupalilia, nimekusamehe."

"Nimeliuza."

Mwanatumu alitabasamu, kama mtu anayemsikiliza mgonjwa akiweweseka kwa homa. "Umeuza nini?"

"Shamba la Magarini. Siku nyingi. Ndilo lililonunua lori."

Waliokuwa wakikohoa wakaacha.

"Na nazi?" Mwanatumu akauliza kwa sauti ndogo.

"Za Kahindi. Sokoni."

"Zote?"

"Zote."

"Na zile nilizokuwa nikipeleka msikitini, thawabu zimfikie baba?"

Yaseen alifumba macho. "Za Kahindi."

Hasira ilimpanda Mwanatumu kutoka miguuni. Alitaka kuushika ule mto akampige nao. Alitaka kupiga ukelele wa kumtoa babake kaburini. Badala yake aliinua uso akawaona watu: wote walikuwa wakimtazama yeye, si yule aliyeuza, na katika macho yao hapakuwa na shamba. Palikuwa na mtu anayekufa, na mwanamke anayemchelewesha.

"Shemeji, mpe radhi," Stambuli akasema kwa upole mkubwa. "Mtu yu safarini. Dunia hii ni shamba?"

Stambuli alikuwa na mashamba mawili, moja lina embe. Imamu akatazama chini. Bibi mmoja nyuma ya pazia akaanza kunong'ona, "Mpe, mwanangu, mpe, usimtie taabuni."

"Nimekusamehe," Mwanatumu akasema. "Duniani na akhera."

Watu wakavuta pumzi, wakamshukuru Mungu, wanawake wakamkumbatia. Kabla ya magharibi Shella nzima ilikuwa ikimsifu. Ati huyo ndiye mke. Ati huyo pepo anaiona kwa macho. Mwenye sifa alikuwa jikoni, amesimama akiukabili ukuta, na alipoulizwa kama gari la Magarini livunjwe mapatano, alisema, "Livunjwe."

* * *

Jumamosi asubuhi Yaseen aliamka na njaa.

Alikula hamri moja, akangoja. Kimya. Akala la pili na mbaazi, akangoja. Akala la tatu bila kungoja. Mbaazi zenyewe zilikuwa za tui, na tui likapita kama maji ya mvua. Mchana alitaka samaki wa kupaka. Stambuli, aliyekuja kuangalia kama ndugu yake amelala salama, alimkuta anachokonoa meno.

"Unaona radhi?" akamwambia kila aliyepita barazani. "Dawa yake hakuna hospitali yenye nayo."

Wiki iliyofuata daktari Gerishom alipiga simu, Wafa akapokea. Majibu ya maabara yamekuja, yote masafi. Hakuna kitu, kama alivyosema. Na mzee anaendeleaje? "Anakula," Wafa akasema. "Anakula sana." Daktari akafurahi, akasema basi huenda lile lililomtia hofu limeondoka, na kama linarudi asikae nalo, atafute wa kumwambia. Wafa aliwaeleza nyumbani neno kwa neno. Yaseen alisujudu shukrani pale pale ukumbini. Mwanatumu alikuwa amekaa na ungo wa mchele mapajani, akiokota chuya, na hakuacha.

Tangu siku ile Yaseen akawa mtu mwepesi. Alirudi dukani akiimba kaswida. Shingo ikajaa, nguo zikamkaa. Kwa kuwa kila mtu alikwisha kujua, hakuwa na la kuficha, na kwa kuwa amekwisha kusamehewa, hakuwa na la kulipa. Aliyeumwa alikuwa Mwanatumu, na hapakuwa na kipimo cha kumtia. Angekasirika na nani? Alitoa radhi mwenyewe, mbele ya imamu. Akikunja uso, majirani humuuliza kama anajutia thawabu zake.

Siku moja alijaribu. Walikuwa wawili tu, wakinywa chai.

"Babake Wafa, shamba ulimuuzia nani?"

"Ah, mamake Wafa. Si yalikwisha hayo?"

"Nauliza tu jina."

"Wewe ulisamehe. Mtu akisamehe hafukui." Kisha akaweka mkono kifuani, taratibu, akakunja uso wa mateso. "Na daktari alisema nisitiwe wasiwasi. Wataka unirudishe kitandani?"

Mwanatumu aliutazama ule mkono. Alikuwa ameishi na mkono ule muda mrefu, akiukimbilia na maji na mafuta na dua, na alijua ulivyokaa ulipokuwa ukishika maumivu kweli. Safari hii ulikaa kama wa mtu anayetafuta kalamu mfukoni. Alimimina chai yake kwenye sinki, akaenda kuoga.

* * *

Stambuli ndiye aliyetaka dua ya shukrani, na alivyotaka, ikawa. Wanaume wakaalikwa ukumbini, Qurani ikasomwa, ubani ukafukizwa. Biriani alilipika Mwanatumu, kwa kuwa hakuna aliyemwona mtu mwingine wa kulipika. Masinia yakatoka, wanaume wakajipanga wakiyazunguka, Yaseen katikati, kanzu mpya, kofia ya kito. Imamu akasema bismillahi. Wakanyosha mikono.

Mwanatumu akaingia.

Mwanamke haingii pale. Chakula hupokezwa mlangoni na wanawake hurudi ndani, hata mtoto anajua. Aliingia na buibui lake na mikono ina harufu ya bizari, akasimama mbele ya sinia la mumewe. Wafa alibaki mlangoni, ameshika pazia.

"Imamu, shikamoo. Nina swali."

"Marahaba, mama. Uliza."

"Radhi ile niliyoitoa Ijumaa ile, nilimpa mtu anayekufa. Yuko wapi?"

Mtu mmoja alicheka, akaona hacheki na mwenziwe, akaacha.

"Mama," imamu akasema polepole, "radhi ikitolewa imetolewa."

"Sitaki irudi. Aliyepewa azikwe nayo siku yake ikifika. Lakini mimi nilisema nikidhani namfunga sanda, na nyinyi nyote mumenikazia macho kama nimemshika roho. Hata dakika ya kumlilia baba sikupewa. Sasa huyu hapa ni mzima. Kanenepa. Huyu mimi hajaniomba kitu."

"Shemeji!" Stambuli alikuwa amekwisha kuinuka nusu. "Huyu ni mgonjwa, daktari alikataza asi..."

"Si mgonjwa, kaka. Majibu yamesomwa, na ndiyo mliyokuja kuyalia biriani." Akamgeukia mumewe. "Babake Wafa, niombe tena. Niombe ukiwa na afya yako na watu hawa hawa. Sema ulichofanya, sema ulimuuzia nani, sema kila safari uliyoniaga ukanidanganya. Kisha uningoje. Nitakujibu nikiwa tayari, na sijui nitakujibu nini."

Mikono ilikuwa hewani juu ya masinia. Biriani lilikuwa likipoa, na hakuna aliyethubutu kuwa wa kwanza. Imamu alifikiri, akatafuta katika elimu yake yote aya au hadithi ya kumkataza, akaona hana. Akaurudisha mkono wake mapajani. Wengine, mmoja mmoja, wakairudisha yao.

"Bwana Yaseen," imamu akasema, "nadhani mama anakungoja."

Yaseen aliwatazama watu, akamtazama nduguye, akamtazama binti yake mlangoni. Akaupeleka mkono kifuani, akaukandamiza pale katikati, akafumba macho. Alingoja ule moto upande, umkunje, umlaze chini watu wamkimbilie. Alingoja sana. Kifua kilikuwa kizima kabisa.